Umejifunza karate au judo: je, unaweza kufundisha wengine bila ruhusa ya mwalimu wako?

Kijana amekaa mjini miaka miwili, akajifunza karate, akafika mkanda wa kijani. Sasa amerudi kijijini. Jioni anafanya mazoezi peke yake nyuma ya nyumba, na watoto wanamchungulia. Baada ya wiki moja wako sita nyuma yake, wanarusha ngumi kama yeye. Mwezi haujaisha wamefika ishirini, na mzazi mmoja ameshauliza ada ni shilingi ngapi.

Je, mwanafunzi ambaye bado anajifunza anaweza kufundisha wengine bila idhini ya mwalimu wake?

Jibu fupi ni hili: kumwonyesha mwenzako zoezi mnalolifanya pamoja hakuna ubaya. Kufungua darasa lako, subiri kwanza uzungumze na mwalimu. Wengi hudhani ni suala la heshima tu, lakini sababu kubwa ni usalama wa yule anayejifunza.

Utaratibu wa ruhusa ulianzia wapi?

Zamani nchini Japani, shule za mapigano zilitoa hati iliyoitwa menkyo, yaani ruhusa. Mwanafunzi aliipata kwa hatua. Aliyefika hatua ya mwisho, menkyo kaiden, alihesabiwa kuwa amepokea mafunzo yote ya shule hiyo.

Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alifungua shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Mwaka uliofuata alianza kutumia ngazi zinazoitwa dan. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, alifuata mfano huo na kutoa mikanda yake ya kwanza myeusi mwaka 1924.

Ngazi ya kwanza ya mkanda mweusi huitwa shodan, maana yake ngazi ya mwanzo. Kwa hiyo hata mkanda mweusi unasema tu kwamba umeshika misingi na sasa unaweza kujifunza kwa undani. Kufundisha ni kazi nyingine, na ina mafunzo yake.

Hata Bruce Lee, aliyejulikana kwa kupinga mapokeo magumu ya mapigano, alichagua kwa uangalifu nani afundishe. Alikuwa na shule tatu Marekani, katika miji ya Seattle, Oakland na Los Angeles. Walioaminiwa kumsaidia kuziongoza ni Taky Kimura, James Yimm Lee na Dan Inosanto.

Funzo kutoka Japani

Judo ni mchezo wa nyumbani kwa Wajapani na hufundishwa shuleni. Lakini mtafiti Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alipokusanya kumbukumbu za ajali, aligundua kwamba zaidi ya watoto 100 walikuwa wamefariki katika judo ya shuleni kwa takriban miaka 30 tangu 1983. Wengi waliumia kichwani, na waliokuwa hatarini zaidi ni wanafunzi wapya.

Mtupo uliotajwa mara nyingi ni osotogari, ambao humwangusha mtu chali. Asiyejua kuanguka hushindwa kuinamisha kidevu kifuani, na kisogo hugonga chini. Wakati mwingine kichwa hakigusi hata sakafu, lakini mtikisiko hukata mishipa midogo ya damu ndani ya fuvu.

Kilio cha wazazi kilisikika zaidi wakati Japani ilipofanya michezo ya mapigano kuwa somo la lazima katika shule za kati mwaka 2012. Shirikisho la judo la nchi hiyo likaanzisha utaratibu wa vyeti rasmi vya ukufunzi. Ikiwa Japani yenyewe, yenye mikeka na walimu wengi, iliona haja ya kuwapima wanaofundisha, sisi tunaofanyia mazoezi kwenye udongo mkavu tuna sababu zaidi.

Mwanafunzi hukosa nini?

Anaweza kuwa na teke zuri kuliko la mwalimu wake. Anachokosa mara nyingi ni haya:

1. Mpangilio. Mwalimu wa judo huanza na kuanguka, kisha kutupa. Kijana hupenda kuanza na kutupa, kwa sababu ndiko kunakovutia.

2. Kujua wakati wa kusimamisha. Ukabaji wa shingo unaweza kumzimisha mtu kwa takriban sekunde 10. Anayekabwa hugonga mara mbili kwa kiganja, na mwenzake huachia papo hapo. Watoto wakishindana, mmoja hukataa kugonga na mwingine hukataa kuachia.

3. Kutambua jeraha la kichwa. Mtoto aliyegonga kichwa kisha akalalamika kizunguzungu au kichefuchefu, aache mazoezi papo hapo hata akisema amepona, na asirudi mpaka aangaliwe na mhudumu wa afya. Akitapika, akiona vitu viwili viwili, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au maumivu yakiongezeka, apelekwe hospitali mara moja.

4. Kosa linalorithiwa. Ukiwa na kasoro katika goti au mkono wako, mwalimu wako huirekebisha. Ukiwafundisha ishirini kasoro hiyo, nani atawarekebisha?

Kusaidia na kufundisha

Katika vilabu vingi, wanafunzi wa mikanda ya juu huwasaidia wapya kufunga mkanda, kusimama na kuhesabu mapigo. Huko ni kusaidia: mwalimu yupo na anaona. Kufundisha huanza pale unapoamua mwenyewe wafanye nini, nani apigane na nani, na nani alipe. Kuanzia hapo, akiumia mtu, wewe ndiye wa kujibu.

Je, mwalimu akiwa mbali?

Hili ndilo tatizo halisi la vijijini. Klabu iko mjini, nauli ni ghali, na watoto wanataka kujifunza leo. Mpigie mwalimu simu umweleze ukweli. Omba ruhusa yenye mipaka. Kwa mfano: viungo na pumzi, kusimama, ngumi na mateke hewani, kuanguka juu ya mchanga laini au nyasi. Acha kutupa, kukaba na kupigana. Usitoe mikanda. Usichukue ada mpaka mkubaliane. Mtumie video za mazoezi ili akusahihishe.

Mwalimu naye ana wajibu. Wapo wanaokataa kwa sababu za usalama, na wapo wanaokataa kwa kuogopa kupoteza ada. Muulize sababu, na umuulize ufanye nini ili ukubaliwe. Akikutajia hatua za kufuata, zifuate. Akikataa bila sababu, unaweza kutafuta mwalimu mwingine au chama cha mchezo huo, ukaomba kufunzwa ukufunzi.

Ukitaka kufungua klabu, ruhusa ya mwalimu pekee haitoshi. Tanzania, usajili wa vilabu vya michezo unasimamiwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na wa kuanza kumwona ni afisa michezo wa wilaya. Kenya, kazi hiyo ni ya Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013.

Mzazi aulize nini?

Kabla ya kumruhusu mtoto, uliza: Nani alikufundisha, na anajua kwamba unafundisha? Tunaweza kumpigia simu? Wiki za kwanza watoto watafanya nini? Mtoto akiumia, mtampeleka wapi na kwa usafiri gani? Kuna mtu mzima mwingine anayekuwepo?

Mwenye nia njema hatakasirishwa na maswali haya. Na kijana wetu wa mkanda wa kijani, akiwa na majibu yake na simu ya mwalimu wake iko wazi, anaweza kuendelea na wale watoto ishirini kwa mazoezi waliyokubaliana. Asipokuwa na majibu, awaambie ukweli kwamba bado anajifunza, na darasa lisubiri.