Picadillo, kitoweo cha Wacuba kilichokimbiwa na nyama

Machi 12, 1962 serikali ya Cuba ilipitisha sheria ya mgao wa chakula, na kila nyumba ikakabidhiwa daftari, libreta. Kila tarehe hiyo inaporudi watu huzungumzia mchele, sukari na mafuta. Mimi hukumbuka sufuria moja: picadillo, nyama ya kusaga yenye zeituni na zabibu, kitoweo ambacho mama wa Havana alikiinjika jioni bila kufungua kitabu chochote.

Jina limetoka kwenye neno la Kihispania la kukatakata. Ng'ombe waliletwa visiwa vya Karibi na Columbus mwaka 1493, na Wahispania wakaanza kuitwaa Cuba mwaka 1511. Tabia ya kuchanganya utamu na chumvi ni ya zamani zaidi, urithi wa Waarabu waliotawala sehemu kubwa ya Hispania. Mhispania huita zeituni aceituna, neno alilolichota kwenye Kiarabu kama tulivyolichota sisi. Aliyezoea pilau ya zabibu hatakunja uso.

Mapishi yenyewe ni mepesi. Kitunguu, kitunguu saumu na pilipili hoho hukaangwa taratibu mpaka vilainike. Hiyo ndiyo sofrito, na anayeiharakisha amekwishaharibu. Huongezwa bizari nyembamba, nyanya, nyama na mvinyo mweupe kidogo, kisha sufuria hufunikwa kwenye moto mdogo hadi mchuzi ukauke. Zeituni na zabibu hufuata. Pembeni huwekwa wali mweupe, maharage meusi na ndizi mbivu za kukaanga. Likiwekwa yai juu, husemwa limepanda farasi. Zabibu ndizo zenye ugomvi: wapo wanaoziokota moja moja na kuzisukuma ukingoni mwa sahani.

Aliyewafundisha Wacuba wengi kupika kwa kipimo ni Nitza Villapol, aliyezaliwa New York mwaka 1923. Televisheni ilipoingia Cuba mwaka 1950, haikuchukua muda akawa na kipindi, Cocina al minuto, akisaidiwa na Margot Bacallao. Kilidumu zaidi ya miaka 40. Kitabu chake chenye jina hilohilo kilianza na matangazo ya bidhaa za viwandani. Matoleo ya baada ya mapinduzi ya Cuba hayana bidhaa hizo, kwa kuwa madukani pia hazikuwapo. Nitza mwenyewe alieleza kwamba aliligeuza swali: badala ya kuuliza pishi linahitaji nini, akaanza kuuliza kilichopo kinaweza kupikwa nini.

Swali hilo lilimletea lawama. Umoja wa Kisovyeti, uliokuwa ukiitegemeza Cuba, uliposambaratika mwaka 1991, kisiwa kikaingia miaka ya dhiki iliyopewa jina la adabu, Kipindi Maalumu. Mpaka leo husimuliwa kwamba Nitza alionyesha jinsi ya kugeuza ganda la balungi kuwa steki. Wapo waliomcheka, wapo waliomchukia, na wengi wa waliokimbilia Miami walishikilia nakala za zamani za kitabu chake huku wakimsema vibaya mwandishi wake. Nauona ni uonevu. Mpishi hakulifilisi ghala. Alikuta liko tupu akawasha jiko.

Picadillo nayo ikageuka. Mgao ukaleta nyama iliyotiwa soya, ambayo watu walikula wakinung'unika. Hayakuwa manung'uniko ya ulafi: mwaka 1992 na 1993 zaidi ya watu 50,000 walipata ugonjwa wa neva uliofifisha macho na kutia miguu ganzi, na lishe duni ikatajwa miongoni mwa visababishi. Serikali iligawa vidonge vya vitamini. Nitza alifariki mwaka 1998.

Kabla ya mapinduzi, idadi ya ng'ombe kisiwani ilikaribia ile ya watu. Baadaye kumchinja ng'ombe wako mwenyewe bila kibali likawa kosa la jela, na ni mwaka 2021 tu mfugaji aliporuhusiwa kuuza nyama ya ng'ombe, baada ya kutimiza fungu la serikali. Aibu hiyo haimhusu mpishi yeyote.

Siku hizi picadillo ya Havana mara nyingi ni bata mzinga wa kusagwa, aliyeagizwa kutoka nje akiwa amegandishwa. Sofrito ni ileile, pilipili hoho zikipatikana. Ugomvi wa zabibu umepoa, maana aliyezichukia na aliyezipenda wote wanakula bila zabibu.