Mabega na Miguu ya Ukambani

Katika karne ya 19, kabla reli haijapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, biashara ya pembe za ndovu baina ya Ukambani na pwani iliendeshwa kwa mabega na miguu ya watu; maana Wakamba wa Kitui walishuka hadi Rabai na Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 katika nyika kavu, na mwaka 1849 mmisionari Krapf, alipofika kwa tajiri mashuhuri Kivui, aliyapata mashaka ya njia hiyo kwa nyayo zake mwenyewe. Nyumbani nako hakukuwa na raha: mwanamke alifukua mchanga wa mto Tiva au Thua hadi maji yatoke, akajaza kibuyu kwa kata, akakibeba mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi upitao kwenye paji la uso, akapanda nacho kilima.

Mashaka hayo, hata hivyo, huenda yalikuwa na faida kwa moyo na mishipa. Mwaka 1929 tabibu Donnison, aliyehudumu Kavirondo Kusini, magharibi ya Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wenyeji aliowatibu hakukuta maradhi ya shinikizo la damu. Na mwaka 1953 mtafiti Morris akabainisha huko London kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa, waliopanda ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Chumvi, tumbaku na unene vina sehemu yake katika maradhi hayo, lakini kazi ya mwili ina hoja yake wazi: damu ipitapo kwa kasi husugua utando wa ndani wa ateri, nao hutoa naitriki oksaidi, ambayo huulegeza mshipa ukapanuka, na kwa mazoezi ya kudumu mishipa ya mwenye kisukari au presha hurudishiwa sehemu ya wepesi wake.

Sitamani, hasha, kumrudishia mama yeyote mzigo wa mukwa; mifereji na bodaboda za Wote na Mwingi ni neema. Lakini mwendo ule uliokuwa ndani ya riziki sasa hauna budi kutengewa saa yake, na mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza. Shirika la Afya Duniani lamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, kama mwendo wa haraka, kwa juma, kadiri ambayo mchukuzi wa pembe aliimaliza siku ya kwanza, jua halijafika utosini.