Usafiri wa mijini: Nani hupanga njia na nauli?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MKAZI wa Kata ya Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda, anapotaka kwenda katikati ya mji husimamisha bodaboda au bajaji, akapatana nauli na dereva, safari ikaanza. Mji huu, ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, unazidi kupanuka. Ni vema basi kufahamu jinsi miji mingine ilivyopanga usafiri wake.

Kwa ujumla ipo mifumo mitatu.

Wa kwanza ni shirika la umma. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam baada ya UDA kuundwa mwaka 1974. Mabasi yalipozidi kupungua, mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi, nazo daladala zikashamiri.

Wa pili ni leseni. Mdhibiti, awali SUMATRA na tangu mwaka 2019 LATRA, huidhinisha njia na kuweka ukomo wa nauli za daladala. Hata hivyo, faida na hasara ni za mwenye gari. Dereva humpelekea tajiri hesabu ya siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndiyo riziki yake. Hicho ndicho chanzo cha kugombea abiria, kukatisha safari na kuwakwepa wanafunzi, ambao nauli yao ni ndogo. Pikipiki na bajaji nazo ziliwekewa kanuni za leseni mwaka 2010.

Wa tatu ni mkataba, uliozoeleka Ulaya. Jijini London, Transport for London, iliyoanza mwaka 2000, hupanga njia, ratiba na nauli. Kampuni binafsi hushindania zabuni za kuendesha mabasi, nazo hulipwa kwa huduma zinayotoa, si kwa wingi wa abiria. Eneo la Manchester, ambako mabasi yaliachiwa soko huria mwaka 1986, lilianza kurejea kwenye mfumo wa aina hiyo mwaka 2023.

Dar es Salaam ilifuata mwelekeo huo kupitia wakala wa DART, ambao mabasi yake ya mwendo kasi yalianza kazi Mei 2016. Misururu ya abiria vituoni kutokana na uhaba wa mabasi ilidhihirisha kwamba mkataba pekee hautoshi, pasipo magari ya kutosha na usimamizi thabiti.

Kwa mji kama Mpanda, swali la kwanza si aina ya chombo. Ni nani atakayebeba gharama ya safari yenye abiria wachache, ya alfajiri au ya usiku. Bila jibu, gharama hiyo itaendelea kumwangukia abiria.