Miraba ya Uzi
Kabla reli ya kati haijafika Kigoma mwaka 1914, soko la Ujiji, kando ya ziwa, lilikwisha kuijua merikani, nguo ya pamba iliyopewa jina la nchi ilikotoka, na shanga zilizotumika badala ya sarafu. Basi watu wa ziwani hawakuwa wageni wa thamani ya uzi. Ama kufuma kwa kroshia, ustadi ulioenezwa Afrika Mashariki aghalabu na skuli za wamisionari, hutaka subira: mama huketi barazani alasiri, sindano yenye ndoana mkononi, akaanza na kitanzi kimoja, akakizungushia uzi duru baada ya duru mpaka pembe nne zitimie, kisha akaunga mraba kwa mraba hata kochi zima listirike. Mimi hupenda kukigeuza kitambaa, nikautazama upande wa ndani, pale ulipopita uzi wa kuungia.