Ushuhuda wa Wazee na Kazi ya Universite

Wandugu, Lukafu leo ni pahali padogo, lakini katika historia ya Katanga jina lake ni kubwa. Pale palikuwa makao ya utawala wa Comité Spécial du Katanga, shirika lililopewa kutawala inchi mwaka wa 1900, mbele ya muji wa Elisabethville kuanzishwa mwaka wa 1910. Tukitafuta habari za siku zile, tunakuta barua na ripoti za wakubwa wazungu. Habari za wale waliobeba mizigo na kujenga nyumba, mara nyingi hazimo, ao zimo kwa macho ya mukubwa tu.

Universite ya Elisabethville ilifungua milango mwaka wa 1956, na masomo yake yalikuwa kwa Kifaransa. Mwaka wa 1971 universite zote za inchi ziliunganishwa kuwa moja, na masomo ya lugha na historia yakawekwa Lubumbashi. Mwalimu V. Y. Mudimbe alifundisha pale. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1988 aliuliza swali zito: elimu juu ya Afrika imejengwa na nani, na kwa mawazo ya nani?

Lakini tukumbuke kwamba mwaka wa 1965 André Yav, mutumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, alikuwa amekwisha kuandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha muji ule, kwa ajili ya chama cha watumishi wenzake. Hakungoja diploma. Universite ndiyo iliyomufuata: Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1972 mpaka 1974, alitangaza maandiko yale katika kitabu mwaka wa 1990. Kisha, tangu mwaka wa 2000, mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wamekusanya kumbukumbu za wakaaji wa Lubumbashi.

Wengine watasema: muzee anasahau, tena anasifu ukoo wake. Ni kweli. Lakini mukubwa aliyeandika ripoti naye alijisifu mbele ya wakubwa wake. Basi tuweke shuhuda zote mbili pamoja na kuzipima; ndiyo kazi ya mwenye elimu.

Sisi mapadri, waseminari na wakatekista tunakaa karibu na wazee kuliko mwalimu yeyote wa universite. Tuandike maneno yao katika lugha yao, pamoja na jina la kijiji na tarehe, mbele hatujawazika.