Ziwa Letu na Mlango Wake wa Lukuga

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, mimi ni mhasibu, nimezoea kupima yaingiayo na yatokayo. Ziwa Tanganyika nalo lina hesabu yake. Malagarasi, Rusizi na Luiche huingiza. Sehemu kubwa hunywewa na jua, na mto utoao ni mmoja tu: Lukuga, kule Kalemie.

Mwaka 1876 Stanley aliukuta mlango wa Lukuga umezibwa na matete na matope. Ziwa likazidi kupanda, hadi mwaka 1878 hivi maji yakauvunja ukuta huo. Kufikia miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka takriban mita 10. Ndiyo maana mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, pale Ujiji, leo si ufukweni tena.

Nchi iliyoachwa na ziwa tukaijenga. Miaka ya 1960 likapanda tena, na miaka hii tumeliona likiingia majumbani.

Lukuga hatuiamuru sisi. Lakini mitaro ya mitaa yetu, miti ya kingo za Luiche, na kutojenga kwenye njia ya maji, hayo tunayaweza. Mchango wako wa mwaka huu uanzie hapo.