Ukumbi Mmoja na Kumbi Elfu

Mtu wa Unguja au Mombasa aliyepindukia miaka sitini hahitaji kuelezwa senema ya Kihindi ni kitu gani. Filamu ya Awara, iliyotoka mwaka 1951, ilipendwa huku kwetu hata na wasiojua neno la Kihindi, na tuni za filamu za Bombay ziliingia katika taarab zikavishwa maneno yetu. Nyimbo za Awara zilitungwa na washairi wawili, Shailendra na Hasrat Jaipuri. Wa kwanza aliwahi kufanya kazi katika karakana ya reli, wa pili alikuwa kondakta wa basi. Walitunga wakiwajua watu wa viti vya mbele, kwani wao wenyewe walitoka huko. Makala haya yanauliza viti hivyo vimepatwa na nini katika nchi zilikotoka filamu hizo.

Jibu linaanzia Delhi. Familia ya Bijli ilikuwa na biashara ya malori, na pamoja nayo ikamiliki senema moja iitwayo Priya. Mwaka 1995 Ajay Bijli, kijana wa familia hiyo, alifunga ubia na kampuni ya Village Roadshow ya Australia. Herufi za mwanzo za Priya, Village na Roadshow zikazaa jina la PVR. Wabia hao wakauchukua ukumbi mkongwe wa Anupam, mtaa wa Saket, wakaugawa kumbi nne ndogo, kila mmoja na skrini yake. Ulifunguliwa Juni 1997, nao ndio unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake nchini India.

Mwezi huo huo, katika mji huo huo, lilitokea jambo ambalo wapenzi wa kumbi za zamani hatuna haki ya kulisahau. Tarehe 13 Juni 1997 ukumbi wa Uphaar, mtaa wa Green Park, ulikuwa ukionesha filamu ya Border. Transfoma ya umeme iliyokuwa chini ya jengo ikashika moto. Moshi ukapanda hadi ghorofani, na walioketi huko wakakosa pa kutokea, kwa kuwa viti vya ziada vilikuwa vimeziba njia. Watu 59 walifariki. Basi tusizisifu kumbi za zamani kama asifiwavyo marehemu, kwa mema yake matupu. Nyingi zilikwisha kuchakaa, na tangu video na televisheni ya setilaiti ziingie majumbani, familia nyingi zilikuwa zimeshaacha kwenda. Kampuni mpya ilikuta mgonjwa kitandani. Si yeye aliyemtia maradhi.

Ukuaji wake ulikuwa wa haraka. Mwaka 2002 mbia wa Australia alijitoa, na nafasi yake ikajazwa na fedha za wawekezaji wa India wenyewe. Mwaka 2004 PVR ilifungua kumbi 11 chini ya dari moja mjini Bangalore, na mwaka 2006 hisa zake zikaanza kuuzwa sokoni. Majumba makubwa ya maduka yalikuwa yakichipuka katika kila mji, na kila jumba lilitaka senema ya kuvuta wateja. Baadhi ya majimbo, Maharashtra likiwamo, yalizisamehe kumbi mpya kodi ya burudani kwa miaka ya mwanzo. Kisha ukaja wakati wa kununua washindani: Cinemax mwaka 2012, DT mwaka 2016, SPI ya Chennai mwaka 2018. Baada ya janga la korona kufunga milango yote mwaka 2020, PVR na mshindani wake mkuu, INOX, ziliamua kuungana, na muungano ukakamilika Februari 2023. Kampuni moja ikawa na skrini zaidi ya 1,600.

Faida zake si haba. Ukumbi wa viti mia mbili unaweza kuonesha filamu isiyo na nyota wala mapigano, na watunzi wa filamu ndogo, waliokuwa hawana pa kuingia, walipata mlango. Viti ni safi, sauti ni nzuri, na mwanamke huenda peke yake bila wasiwasi.

Lakini tikiti imepanda, na aliyepanda nayo si kuli wala mwendesha riksho. Katika ukumbi wa kale tajiri na maskini walitengwa kwa bei ya viti, ila wimbo ulipoanza uliwafikia wote kwa pamoja. Siku hizi wametengwa kwa milango. Hata chakula kimekuwa kesi: Januari 2023 Mahakama Kuu ya Juu ya India iliamua kwamba mwenye ukumbi ana haki ya kumkataza mtazamaji kuingia na chakula chake, mradi ampe maji safi ya kunywa bure. Mwenye bisi zake za nyumbani mfukoni hana pa kwenda nazo.

Hilo linaugusa ushairi moja kwa moja. Mshairi hutunga kwa masikio anayotarajia kumsikia. Filamu ikilenga wenye nacho peke yao, wimbo hupungua au huwa pambo, kwa sababu hauna tena kazi ya kumliza kondakta na tajiri wake kwa beti moja. Kondakta mwenyewe, angekuwa na kipaji cha Hasrat, angezisikia wapi filamu za kumfunza?

Tarehe 30 Machi 2017 ukumbi wa Regal wa Delhi, uliofunguliwa mwaka 1932, ulionesha filamu kwa mara ya mwisho. Zilichaguliwa mbili za Raj Kapoor, mtengenezaji wa Awara: Mera Naam Joker na Sangam. Nasi wa Unguja tunalijua kaburi la namna hiyo, kwani Empire yetu iligeuzwa duka. Tofauti ni kwamba wao walipata kumbi mpya elfu na zaidi badala ya ule mmoja. Mtu wa viti vya mbele, huko na huku, amebaki nje.